Umeme upo, friji linaungua: friji gadi inalinda nini, na haiwezi nini?

Mitambo yote tisa ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji ilikamilika mwaka 2025, na uwezo wake ni megawati 2,115. Ule mgao mkali wa mwishoni mwa 2023 ulianza kupungua baada ya mtambo wa kwanza kuwashwa Februari 2024. Umeme wa kuzalisha, kwa hiyo, umeongezeka sana.

Hata hivyo, pembezoni mwa Dar es Salaam, iwe Chamazi na Toangoma upande wa Temeke au Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, malalamiko ni yale yale. Jioni taa zinafifia, feni inazunguka kwa uvivu, umeme unakatika na kurudi mara tatu ndani ya dakika kumi. Asubuhi mama anayeuza barafu na juisi anakuta friji halifanyi kazi. Fundi anamwambia, "Kompresa imeungua." Mtaji umeondoka.

Wasikilizaji wetu wengi hutuuliza maswali mawili. Kama umeme upo, kwa nini vitu vinaungua? Na vile vifaa vinavyouzwa madukani kwa jina la friji gadi vinasaidia kweli? Tunajibu yote mawili hapa.

Megawati zipo, volti hazifiki

Megawati hupima wingi wa umeme unaozalishwa. Volti ni msukumo unaoufikisha umeme kwenye soketi yako. Fikiria bomba la kijiji: tangi linaweza kuwa limejaa, lakini kama bomba ni jembamba na wote wamefungua koki, wa mwisho atapata maji ya kudondoka.

Transfoma ya mtaani hupokea umeme wa volti 11,000 au 33,000 na kuushusha. Nyumba ya kawaida hutakiwa kupata takriban volti 230. Sasa chukua transfoma ya kVA 100 yenye laini tatu. Kila laini inaweza kubeba kama ampia 145. Pasi ya wati 1,150 hutumia ampia 5. Kwa hiyo pasi 29 tu zikiwashwa kwa pamoja zinatosha kujaza laini moja, kabla hujahesabu friji, televisheni wala jiko la umeme.

Jiji nalo limekua kwa kasi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu milioni moja kwa miaka 10, na wengi wao wamejenga pembezoni. Pale ambapo nyumba zimeongezeka lakini transfoma na nyaya ni zile zile, umeme hupungua nguvu kadiri unavyokwenda mbali. Nyumba ya mwisho kwenye laini ndiyo inayoumia zaidi, hasa kati ya saa moja na saa nne usiku.

Kwa nini friji ndilo la kwanza kuungua?

Taa ikipata umeme mdogo hufifia tu. Hita ya wati 1,000 ikipata volti 170 badala ya 230 hutoa joto la kama wati 550, maji yanachelewa kuchemka, basi. Lakini friji la kawaida lina mota ndani ya kompresa. Mota ikikosa msukumo wa kutosha hushindwa kuanza kuzunguka, na ikikwama huvuta umeme mwingi kuliko kawaida. Nyaya zake za ndani hupata joto hadi zinaungua.

Hatari ya pili ni umeme kurudi haraka. Friji likizimika ghafla, gesi ndani ya mabomba yake bado ina mgandamizo mkubwa upande mmoja. Inahitaji dakika chache kutulia. Umeme ukirudi baada ya sekunde tano, kompresa hulazimika kusukuma dhidi ya mgandamizo huo, nayo hukwama.

Ya tatu ni umeme kuzidi. Hii hutokea hasa waya wa nyutro unapokatika kwenye nguzo. Baadhi ya nyumba huweza kupata volti zinazokaribia 400. Ukiona taa zimewaka kwa mwanga mkali usio wa kawaida, zima swichi kuu mara moja, kisha toa taarifa.

Ndani ya friji gadi kuna nini?

Ni kisakiti kidogo chenye kazi nne: kupima, kulinganisha, kukata na kusubiri.

Kwanza, sehemu ndogo ya umeme unaoingia hupunguzwa na kupimwa muda wote. Pili, kipimo hicho hulinganishwa na kiwango kisichobadilika kilichowekwa kiwandani. Vifaa vingi hukata umeme ukishuka chini ya takriban volti 185 au ukipanda juu ya 260. Tatu, kiwango kikivukwa, swichi ya sumaku iitwayo rilei huachia na friji hutengwa na umeme. Nne, umeme ukirudi sawa, kifaa hakiruhusu papo hapo. Husubiri, mara nyingi dakika tatu hadi tano, ili gesi itulie.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulidhani ni ubovu. Kifaa kilichokata kwenye volti 185 hakirudishi umeme kwenye 186. Husubiri ufike juu kidogo, tuseme 195. Kingekuwa kinakata na kurudisha kwenye kiwango kile kile, umeme unaocheza ungelizima na kuliwasha friji kila dakika, na hilo ndilo tunaloliepuka.

Kwa hiyo ukiona taa ya kusubiri inawaka, usichomoe friji na kulichomeka moja kwa moja ukutani kwa haraka. Dakika hizo ndizo ulizozinunua.

Unaponunua, angalia mambo matatu: kiwango cha ampia kitoshe kifaa chako, kiwe na muda wa kusubiri, na ikiwezekana kionyeshe volti kwa namba. Usichomeke pasi wala jiko kwenye friji gadi.

Isichoweza kufanya

Friji gadi haiongezi umeme. Ikikata saa moja jioni na volti zikabaki 170 hadi saa nne, friji limepona, lakini barafu haikuganda na samaki wanaanza kuharibika. Haizuii radi pia. Mvua ya ngurumo ikianza, chomoa vifaa.

Wengine hukimbilia stabilaiza, ambayo hupandisha volti. Inasaidia, lakini ina gharama kwa jirani. Ili kutoa 230 kutoka kwenye 170, lazima ivute mkondo mkubwa zaidi kutoka kwenye laini, zaidi ya theluthi moja ya ule ambao kifaa chako kinautumia. Nyumba nyingi za mtaa mmoja zikifanya hivyo, laini iliyokuwa imeelemewa inazidi kuelemewa, na asiye na uwezo wa kununua stabilaiza anapata umeme mdogo zaidi.

Hapa ndipo tunapoona kiini cha suala hili. Vifaa vya nyumbani vinamkinga mwenye navyo, ila havitengenezi laini. Kazi ya kuongeza transfoma, kunenepesha nyaya na kugawa mzigo sawasawa ni ya shirika la umeme, na mteja amekwisha kulilipia kila anaponunua LUKU.

Namba ina nguvu kuliko malalamiko

Kifaa kinachoonyesha volti kina faida ya pili: kinakupa ushahidi. Ukisema "umeme wetu ni mdogo", utaandikwa na kusubiri. Andika tarehe, saa na volti kwa usiku kadhaa mfululizo, piga picha namba hizo kwa simu, na majirani wa laini hiyo hiyo wafanye vivyo hivyo. Pelekeni kwa pamoja ofisi ya TANESCO ya eneo lenu na mchukue namba ya taarifa. Msiporidhika na majibu, EWURA, mdhibiti wa huduma hizi, hupokea malalamiko baada ya mteja kupita kwanza kwa mtoa huduma.

Na wewe uliye kijijini?

Usidhani haya ni ya jiji tu. Kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umeme umesambazwa katika vijiji 12,318 vya Tanzania Bara. Laini za vijijini ni ndefu, na kila nyumba mpya inayoungwa huongeza mzigo.

Mwenye mashine ya kusaga ya laini tatu ana hatari yake mwenyewe. Laini moja ikipotea, mota inaweza kuendelea kuzunguka kwa mbili zilizobaki, ikitoa mlio mzito na kupata joto, hadi inaungua. Friji gadi haifai hapo. Mwambie fundi umeme mwenye leseni akufungie kifaa cha kuchunga laini zote tatu, kinachokata pale moja inapokosekana. Kifunge kabla ya msimu wa mavuno, wakati foleni ya magunia bado haijaanza.