Dogo Anayedondosha Kila Kitu Si Mzembe, Jamani

Ifakara ni mji wa baiskeli. Pale Mlabani utakuta mtoto hajafikia hata siti, lakini kapenyeza mguu katikati ya fremu na anaitimua baiskeli ya baba yake. Sasa fikiria dogo wa darasa la saba ambaye mpaka leo haiwezi. Mtaa mzima unamcheka.

Shuleni ndiyo balaa. Mwandiko kama kuku kapita. Mwalimu anafuta ubao, yeye yuko mstari wa tatu. Rula kaisahau, Kiswahili kaandikia kwenye daftari la Sayansi, kamba za viatu zinaburuza. Ila muulize swali kwa mdomo, anajibu kabla hujamaliza. Kichwa kipo, mikono ndiyo inagoma kukifuata.

Hali hiyo ina jina: disipraksia. Si kurogwa, si uvivu. Wataalamu hukadiria inawapata watoto 5 hadi 6 kati ya 100 wa umri wa shule. Kwa darasa la watoto 60, hao ni kama watatu. Daniel Radcliffe, yule Harry Potter wa kwenye muvi, alisema mwaka 2008 kuwa anayo, na kamba za viatu bado zinamsumbua. Staa mzima!

Watu wanakosea mara mbili. Kosa la kwanza ni fimbo. Kumchapa mtoto huyu kwa mwandiko mbaya ni sawa na kumchapa mwenye macho mabovu kwa kutoona ubao. La pili linafanywa kwa mapenzi, ndiyo maana halisemwi: mama anamfunga vifungo, dada anampangia begi, rafiki anamwandikia notisi. Januari akipangiwa shule ya bweni, nani atamfunga vifungo?

Msaada wa kweli ni kumrahisishia kazi, halafu kumwachia aifanye mwenyewe. Daftari za kila somo zipewe jalada la rangi yake. Ratiba ibandikwe ndani ya mfuniko wa begi. Begi lipangwe usiku, na alipange yeye huku mama anaangalia tu. Viatu viwe vya kunata wakati bado anajifunza kufunga kamba, hatua moja baada ya nyingine. Darasani akae mbele, anakili mambo ya msingi tu, mengine aeleze kwa mdomo.

Mwalimu mwenye watoto 80 atasema hana muda. Kweli, ana mzigo. Lakini kumsogeza mtoto dawati la mbele ni bure, na kunachukua muda mfupi kuliko kumgombeza kila siku.

Na kumpa mtoto muda zaidi si upendeleo. NECTA yenyewe huwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati, na dakika 10 kwenye masomo mengine. Shida ni kwamba asiyetambuliwa hawezi kuombewa. Mzazi anayeona dalili hizi amwone mwalimu mkuu na daktari mapema, asingoje wiki ya mtihani.

Halafu siku dogo atakapotoka nyumbani kajifunga kamba mwenyewe, fundo limekaa upande, mtu asiiname kumrekebishia. Mwacheni aende zake shule.