Jeli ya Mabegani Haitamfanya Mwanaume Kuwa Baba



Ndugu zangu wapendwa katika Kristo, juma lililopita, baada ya sala ya Jumuiya, mama mmoja aliniuliza: "Baba Paroko, nasikia imekuja dawa ya wanaume ya kuzuia mimba. Hiyo nayo ni dhambi? Maana sisi akina mama tumechoka." Wanaume waliokuwapo walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali lile lilikuwa la haki.

Dawa hiyo ipo, ingawa bado haijaruhusiwa kuuzwa. Tangu mwaka 2018 jeli yenye homoni mbili imejaribiwa kwa wenzi zaidi ya 400 katika nchi kadhaa, Nairobi ikiwa miongoni mwa vituo. Mwanaume huipaka mabegani kila siku: homoni moja husimamisha utengenezaji wa mbegu za kiume, ya pili hulinda nguvu zake za kiume. Huko Uingereza kimejaribiwa kidonge kisicho na homoni, kiitwacho YCT-529. Matokeo ya kwanza, kwa wanaume 16, yalitolewa mwaka 2025.

Jitihada hizi si ngeni. Katika miaka ya 1970 maelfu ya wanaume nchini China walipewa gosipoli, kemikali itokanayo na mbegu ya pamba, zao tulijualo vema sisi wa Usukumani. Baadhi walipungukiwa potasiamu mwilini, wengine hawakurudiwa na uwezo wa kuzaa, na mpango ukaachwa. Lakini sijengi hoja yangu juu ya madhara. Kesho wataalamu wakiyaondoa madhara yote, je, hoja itakuwa imekwisha? La hasha.

Mtakatifu Paulo VI, katika waraka wa Humanae Vitae wa tarehe 25 Julai 1968, alifundisha kwamba tendo la ndoa lina maana mbili, kuwaunganisha wenzi na kuwa wazi kwa uhai, wala binadamu hana ruhusa ya kuzitenganisha kwa hiari yake. Fundisho hilo humfunga mume sawasawa na mke. Kwa hiyo, mama yangu, jibu ni hili: na hiyo nayo haifai.

Watetezi wa jeli husema kwamba sasa haki imewafikia wanawake. Nakubali kwamba mzigo umewaelemea: sindano, vijiti, vitanzi, na kwa baadhi yao damu isiyo na mpangilio. Lakini jeli itamwondolea mama mzigo gani? Mume atasema amepaka, naye mke hana budi kuamini. Akidanganywa, ni nani atakayeibeba mimba? Na mume asiye mwaminifu ukimkabidhi jeli, umempa tu nafasi ya kutangatanga bila hofu ya ushahidi.

Sasa nawageukia ninyi, akina baba. Kanisa limewaachia wenzi njia ya halali: kwa sababu nzito, waweza kukutana katika siku ambazo mke hashiki mimba. Njia ya Billings humfundisha mama kuutambua ute wa mwili wake. Lakini kusubiri siku za rutuba zipite ni kazi ya wawili. Wangapi kati yenu humkataza mke vidonge kwa jina la Kanisa, kisha usiku hukataa kusubiri kwa jina la ndoa? Mke wa namna hiyo amefungiwa milango yote miwili, na aliyeshika funguo ni mumewe. Msilifanye Kanisa kuwa ngao ya tamaa zenu! Mtume Paulo, kwa Waefeso sura ya 5, anampa mume kipimo cha upendo wa Kristo kwa Kanisa, nao ni upendo wa kujitoa. Ikiwa hatutaki kujinyima siku chache, tusishangae wake zetu wa Mkolani wakiingojea jeli kwa hamu kuliko mahubiri yetu.

Kwa sababu hiyo, mafundisho ya njia za asili hapa parokiani yatakuwa ya mume na mke pamoja. Mama atakayekuja peke yake atafundishwa, nami nitakwenda mwenyewe nyumbani kumtafuta mumewe.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee. Nawatakieni Dominika njema.