Kitangi cha hita si cha kuning'iniza popote!

Wadau, hivi mafundi bomba wetu hapa Mwanza nani kawaambia kitangi cha hita ni pambo? Kwenye nyumba ambayo simtanki liko juu na njia iko wazi, maji yakipata moto yanatanuka na kurudi juu. Hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanza mtu akifunga pampu na valvu ya kuzuia maji kurudi. Lita 100 zikitoka nyuzi 20 hadi 60 zinaongezeka kama lita moja na nusu. Ziende wapi? Valvu ya usalama inadondosha, fundi anasema mbovu, anaiziba kwa plagi. Jamani, huyo kakutegea bomu bafuni!

Kitangi hicho, chenye mpira na upepo ndani, kinakaa kwenye bomba la maji baridi, KATI ya valvu ya kuzuia na hita. Kikiwekwa kabla ya valvu hakisaidii kitu. Na koki isiwepo katikati yake na hita, ipo siku mtu ataifunga.

Najua kuna atakayesema maji yenyewe hayana uhakika, kitangi cha nini. Sasa si ndiyo maana umefunga pampu?