Neno la Mhariri: Njama ya Wasioaminiana

Sura tatu zinazofungua toleo hili zimetoka kwenye riwaya ya fantasia ambayo bado haijachapishwa. Watu wanne wamekubaliana kumuua mfalme: amiri wa jeshi lake, tajiri wa pembe za ndovu, dada yake wa tumbo moja, na mganga wake. Nchi yao haimo kwenye ramani yoyote, ila msomaji wa Manyoni ataitambua mara moja. Ina vichaka vilivyosongamana hata mtu hawezi kugeuka na mzigo kichwani, maji ya kutafutwa, na nyuki kila upande. Kila mmoja katika hao wanne anawahitaji wenzake mpaka mfalme aanguke, na kila mmoja ameshaamua atawafanya nini kesho yake.

Mswada huu ulitugombanisha. Waliopinga walisema ni mtumba. Wafalme, majambia na vikombe vya sumu, walisema, vimetoka kwa George R. R. Martin na kitabu chake cha mwaka 1996, na zaidi vimetoka kwenye tamthilia ya runinga iliyoonyeshwa kati ya 2011 na 2019, ambayo vijana wetu waliipitishiana kwenye flashi mpaka flashi zikachoka. Mmoja akapigilia msumari: sisi Wanyaturu hatukuwa hata na mfalme mmoja wa kumuua, hii jazba ya ikulu tumeitoa wapi?

Kuhusu Wanyaturu, sibishi. Kabla ya ukoloni waliishi kwa koo na wazee wake, bila mtawala mmoja wa kuwakusanya wote. Lakini mkoa wetu wa Singida hauishii Ikungi. Ukishuka kusini, ukavuka reli, unaingia Itigi na vichaka vyake, na hapo ndipo ilipopita njia kuu ya misafara kutoka pwani kwenda Kazeh, Tabora ya leo. Wapagazi waliiita nyika hiyo Mgunda Mkali. Katika nyika hiyo na kandokando yake, karne ya kumi na tisa, zilitokea njama ambazo Martin angezilipia.

Anza na Mnywa Sere. Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, nchi yenye Kazeh ndani yake, alipofariki mwishoni mwa miaka ya 1850, Mnywa Sere alikalia kiti huku mwenzake wa ukoo, Mkasiwa, naye akikitamani. Kwa maelezo aliyoyaandika msafiri Mwingereza John Hanning Speke, Mnywa Sere aliwagawia wakubwa mali ya marehemu, na matajiri wa Kiarabu wa Kazeh wakamkubali. Kisha akatoza kodi bidhaa zote zilizoingia nchini mwake. Hapo ndipo washirika walipogundua kwamba walikuwa wamemkubali mtu mmoja wakidhani ni mwingine. Mwaka 1860 walimwondoa kwa bunduki, wakamweka Mkasiwa.

Ukisoma hadi hapo ni hadithi ya wafanyabiashara waovu na mtemi mwema, na hiyo si hadithi ninayoitetea. Ninachokipenda ni fujo iliyofuata. Mnywa Sere hakwenda kufa kimya. Alikimbilia nyikani, akawa anakata njia ya misafara. Speke alikutana naye mwaka 1861 akiwa safarini kuelekea Kazeh, akamsikiliza, akaahidi kumsuluhisha na Waarabu, na suluhu haikupatikana. Miongoni mwa matajiri wenyewe, Musa Mzuri, mfanyabiashara wa Kihindi, alitaka mapatano. Snay bin Amir, mkali wao, alitaka vita, na vita hivyo vikamuua mwaka huohuo huko Ugogo. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alikuwa amemwoa Karunde, binti wa Fundikira, kwa hiyo kila bunduki iliyoelekezwa upande mmoja ilimlenga shemeji wa mtu upande wa pili. Mkasiwa alipata kiti, lakini alikipata kwa mkono wa wageni, na mtu aliyekalishwa na wageni hulala akijua wanaweza kumwinua tena. Mnywa Sere alikamatwa na kukatwa kichwa mwaka 1865. Miaka mitano, basi, kutoka kuondolewa hadi kufa. Na katika miaka hiyo mitano sioni watu wawili waliokuwa wakipigania jambo moja.

Huo ndio moyo wa hoja yangu, na ndiyo maana nilipiga kura mswada uchapwe. Waandishi wetu wakiandika njama huandika kana kwamba wala njama ni kundi: wamekaa gizani, wana chuki moja, na wanagombana baadaye tu wakati wa kugawana. Njama za kweli haziko hivyo. Aliye na nguvu ya kutosha hahitaji njama. Anayeihitaji ni yule ambaye peke yake hatoshi, kwa hiyo anakwenda kwa mtu ambaye katika siku za kawaida asingemkabidhi hata mbuzi amchungie. Kutoaminiana kumo ndani ya mkataba tangu neno la kwanza, na ndiko kunakoubana: kila mmoja anabaki kwa sababu anaogopa yatakayosemwa akiondoka.

Methali ya kikulacho ki nguoni mwako imetuharibia waandishi wengi. Si kwamba ni ya uongo. Ubaya wake ni kwamba inamtazama aliyeumwa tu. Inamfundisha mfalme kujikagua nguo, wala haimwulizi chawa njaa yake imetoka wapi. Riwaya nzuri ya kumuua mfalme inapaswa kuandikwa kutoka nguoni.

Sasa mtazame aliyezaliwa na kifo cha Mnywa Sere. Nyungu ya Mawe alikuwa wa ukoo wa watawala wa Unyanyembe. Mnywa Sere alipouawa, Nyungu aliihama Unyanyembe, akakusanya rugaruga: vijana waliokatika na koo zao, watoro wa misafara, mateka wa vita, watu wasio na wa kumlilia. Alikuwa na jicho moja. Askari wake aliwaita magogo, na vita vikipamba moto, simulizi za Ukimbu zinasema, alipaza sauti magogo zaidi yarundikwe motoni. Katika miaka ya 1870 aliiteka Ukimbu, nchi ambayo leo imegawanyika kati ya Singida, Tabora na Mbeya, na akaibana njia ya misafara ndani ya Mgunda Mkali kiasi kwamba aliyetaka kupita salama alilazimika kumkumbuka kwanza.

Ukatili wake umesimuliwa vya kutosha. Kinachonivuta ni namna alivyotawala. Watemi wadogo aliowashinda hakuwategemea. Juu yao aliweka watwale, wakubwa aliowachagua mwenyewe, kila mmoja akisimamia nchi kadhaa ambazo hakuzaliwa humo, na kazi yao kubwa ilikuwa kuhakikisha pembe zinamfikia Nyungu. Mtwale hakuwa na ukoo wa kumtetea pale alipowekwa. Padri na mwanahistoria Aylward Shorter, aliyeitafiti Ukimbu katika miaka ya 1960, aliuona mpangilio huo kuwa jambo jipya katika siasa za eneo hili. Mimi nauona pia kuwa jibu la mtu aliyeshuhudia ndugu yake akitupwa na watu waliomkubali, akajiuliza nchi ijengwe vipi ili watu wanne wasipate pa kukutana usiku. Hiyo ni tafsiri yangu, na wanahistoria wakiitaka niifute watanikuta ofisini.

Ushahidi mmoja unanisaidia. Nyungu na Mirambo, mjenzi mwingine wa dola wa wakati wake, walifariki mwezi mmoja, Desemba 1884. Dola ya Mirambo, iliyomtegemea yeye binafsi na washirika aliowashinda au kuwabembeleza, ilianza kumeguka mara tu mrithi wake, Mpandoshalo, alipokaa. Ya Nyungu ilirithiwa na binti yake, Mgalula, ikasimama zaidi ya miaka kumi, mpaka Wajerumani walipoivunjavunja mwaka 1895. Mwanamke mwenye dola ya rugaruga katikati ya vichaka vya Itigi, na hatujamwandikia riwaya hata moja! Shujaa wetu Liti tumempa uwanja wa mpira wenye jina lake hapa mjini, ni vyema. Mgalula hajapata hata kichochoro.

Wanaosema fasihi yetu haina mapokeo ya njama wamesahau walichosoma shuleni. Katika Utenzi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhamadi Kijumwa mwaka 1913 kutokana na simulizi za kale zaidi, mtawala wa Pate anamtaka Liyongo afe. Jaribio la kwanza ni la kikundi. Watu wa porini wanakubali kula naye makoma kwa kikoa, kila mtu akipanda mkoma kwa zamu, ili zamu yake ikifika wamtungue kwa mishale. Liyongo anayaangua makoma kwa mshale akiwa amesimama chini, na mpango wa watu wengi unageuka aibu. Jaribio la mwisho ni la mtu mmoja: mwanawe mwenyewe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa mtawala, na sindano ya shaba. Mwandishi wa kisasa angekaa na huyo kijana kurasa mia mbili. Utenzi unampitia upesi, kwa sababu hadhira yake ilimlilia Liyongo na haikuwa na machozi ya ziada kwa muuaji.

Shaaban Robert naye ana sehemu ya lawama, na nasema hivi nikiwa nimesimama kwa heshima. Katika Adili na Nduguze, ndugu wawili wanaomtosa Adili baharini wanaitwa Hasidi na Mwivu. Msomaji hapati nafasi ya kudanganywa. Majina yamekwishashitaki kabla hawajafungua vinywa. Kwa aina ya kitabu alichokuwa akiandika, ilifaa. Kwa bahati mbaya tumeugeuza ufundi huo kuwa kanuni, na sasa kila mshirika mwongo katika hadithi za Kiswahili anaingia na jina lake kifuani kama mgombea udiwani. Mwalimu Nyerere alituonyesha mlango mwingine alipomleta Juliasi Kaizari katika Kiswahili mwaka 1963, akairudia tafsiri yake mwaka 1969. Ndani yake Kasio ana wivu, Bruto ana kanuni, visu vyao vinaingia mwili mmoja, na mwenye kanuni ndiye anayeleta maafa makubwa zaidi. Haishangazi kwamba mkuu wa nchi alivutiwa na tamthilia hiyo.

Na kama bado mtu anataka mfano wa watu wa nyumbani, aende Unguja mwaka 1859. Barghash anataka kumpindua kaka yake, Sultani Majid. Dada yao Khole amesimama na Barghash, na anamvuta Salme, binti wa miaka kumi na mitano, ambaye alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri. Kwa kuwa anajua kuandika, anakuwa karani wa njama: barua za kukusanya watu na silaha zinapita mkononi mwake. Alimpenda Majid. Aliingia kwa ajili ya Khole. Njama inafichuka, Barghash anatoroshwa kwa mavazi ya kike hadi shamba la Marseilles, Waingereza wanaingia upande wa Majid, na Barghash anapelekwa Bombay. Majid anamsamehe Salme. Ndugu wa upande alioutumikia hawakumsamehe kwa kurudiana kwake na Majid, na Barghash alipokuwa sultani, yule karani wake wa zamani, sasa Emily Ruete wa Ujerumani, alirudi Unguja mwaka 1885 na hakupokewa. Kumbukumbu zake, zilizotoka mwaka uliofuata, zinasomeka kama ungamo la mshirika ambaye hakuwahi kuwa na uhakika alimtumikia nani. Kule Oman, kaka yao Thuwaini alikuwa ameuawa Sohar mwaka 1866 na mwanawe, Salim. Ukoo huu haukuhitaji fantasia.

Kwa nini basi fantasia, kama historia inatosha? Kwa sababu historia yetu ya watemi bado ina wenyewe. Machifu waliondolewa mamlaka kisheria mwaka 1963, lakini wajukuu wapo, na kumwandika babu wa mtu akinunuliwa kwa doti za kaniki kunaleta kikao cha ukoo. Mwandishi wa sura hizi amejinunulia uhuru kwa kubadilisha jina la nchi. Anaweza kumpa mfalme jicho moja na binti mwenye akili kuliko mawaziri wake, bila mtu kubisha hodi na mikuki.

Kasoro zipo. Vita vya sura ya pili ni virefu mno, na amiri anahutubia kama yuko kwenye jukwaa la kampeni. Tajiri wa pembe ndiye aliyenikamata: anamchukia mfalme kwa kodi ya haki kabisa, na mwandishi hamsaidii kuificha haki hiyo. Dada wa mfalme anapiga hesabu za mrithi wakati analia, na kilio ni cha kweli. Mganga ndiye tatizo. Hana sababu; ni mbaya kwa sababu ni mganga, na hapo nilimwona Hasidi akirudi kwa mlango wa nyuma. Tulimwandikia mwandishi kumwomba ampe mganga walau deni, au mtoto mgonjwa, au kinyongo cha zamani. Alijibu kwamba sababu inakuja sura ya tisa na hataiharakisha kwa ajili ya jarida. Tumechapa sura kama alivyozileta. Wenye kutaka kubishana naye watuletee barua zao kabla toleo lijalo halijaenda mtamboni.