Maumivu ya viungo: vidonge peke yake havitoshi, mgonjwa asikilizwe pia

Kuna jibu moja ambalo wagonjwa wengi wa viungo mashariki mwa Congo wamelizoea. Mama anafika kwenye kituo cha afya, anaeleza kwamba vidole vimevimba na kwamba asubuhi inapita saa nzima kabla hajaweza kushika sufuria. Anapewa vidonge. Baada ya miezi uvimbe unapungua, lakini maumivu yanabaki. Akirudi kuyaeleza, anaambiwa: “Mama, huna kitu, ni mawazo tu.” Anaondoka na maumivu yale yale, na juu yake haya ya kuonekana mwongo.

Jibu hilo linapaswa kukoma. Kama muganga anaamini kweli kwamba mawazo yanamuumiza mgonjwa, basi mawazo hayo nayo yanahitaji matibabu, na kumrudisha nyumbani mikono mitupu ni kuacha kazi nusu.

Magonjwa yanayozungumziwa hapa ni yale ambamo kinga ya mwili, badala ya kupigana na vijidudu, inaushambulia mwili wenyewe. Poliatriti, ambayo wengi wanaiita rimatizimu tu, inashambulia utando wa ndani ya viungo, hasa vile vidogo vya mikono na miguu. Lupusi inaweza kugusa ngozi, viungo, figo na damu. Kufuatana na OMS, mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na poliatriti, na karibu 70 kwa mia kati yao ni wanawake. Kwa lupusi, karibu wagonjwa 9 kwa 10 ni wanawake. Ndiyo kusema mzigo huu unawaangukia zaidi wale wanaobeba bidoni za maji, wanaolima, wanaofua na kusonga bugali.

Magonjwa haya ni ya kweli na yanahitaji dawa. Hilo lisemwe mapema, maana mashariki mwa Congo kuna hatari mbili. Ya kwanza ni kudhani kwamba mgonjwa amepewa karuho au amelogwa, akazungushwa miezi mingi kwa waganga wa kienyeji na vyumba vya maombi huku viungo vinaharibika. Ya pili ni kununua deksametazoni, ile wengi wanaiita deksa, kwenye farmasia bila karatasi ya muganga, kuimeza muda mrefu, kisha kuiacha kwa siku moja. Dawa hiyo inatuliza haraka, lakini kuizoea bila uangalizi kunadhuru mifupa, sukari na presha, na kuikata ghafla kunaweza kuua. Hakuna mazungumzo, wala sala, yanayoweza kuchukua nafasi ya matibabu ya kinga.

Lakini dawa hizo zina mpaka wake. Kazi yake ni kuzima moto ulio ndani ya kiungo. Maumivu yenyewe yanatengenezwa kwenye ubongo, ambao unapokea habari kutoka kwenye kiungo na kuamua kama kuna hatari. Mtu aliyekaa miaka katika uchungu, hofu na usingizi mbaya, ubongo wake unakuwa kama mlinzi aliyeibiwa mara nyingi: jani likianguka, anapiga kelele. Hivyo vipimo vya damu vinaweza kuwa vizuri na mgonjwa bado anaumwa kweli. Hadanganyi. Shirika la kimataifa la wachunguzi wa maumivu liliandika upya maana ya maumivu mwaka 2020, na likashikilia kwamba maumivu ni jambo la mwili na la hisia kwa pamoja.

Huko Marekani, mtaalamu wa saikolojia Mark Lumley wa Chuo Kikuu cha Wayne State, mjini Detroit, pamoja na daktari Howard Schubiner, walitengeneza tiba ya mazungumzo inayolenga hisia. Mgonjwa hafundishwi kuvumilia. Anaulizwa ni matukio gani ya maisha yaliyomjeruhi, na ni hasira, huzuni, aibu au hatia gani aliyoimeza. Anasaidiwa kuitoa kwa maneno na kwa sauti, hata kwa kusema na kiti kitupu kana kwamba aliyemkosea ameketi pale. Kisha anajifunza namna ya kusema ukweli nyumbani bila kuvunja nyumba: kuomba msaada, kukataa mzigo, kumwambia mpendwa kwamba anampenda.

Matokeo yake si muujiza, lakini si madogo pia. Mwaka 2024, jarida la JAMA Network Open lilichapisha utafiti uliofanywa Los Angeles kwa wanajeshi wa zamani 126, wenye umri wa miaka 60 hadi 95, walioteswa na maumivu ya muda mrefu. Waliopata tiba ya hisia, 63 kwa mia walipunguza maumivu yao kwa angalau 30 kwa mia. Kwa waliopata tiba ya kawaida ya kubadili fikra na mwenendo, walikuwa 17 kwa mia. Miezi sita baadaye tofauti ilipungua, lakini bado ilikuwepo.

Wazee hao hawakuchaguliwa kwa ugonjwa wa kinga, na msomaji ana haki ya kuuliza kama jambo hili linamhusu mgonjwa wa poliatriti. Kwa wagonjwa hao, ushahidi una pande mbili. Mwaka 1999, utafiti ulioongozwa na Joshua Smyth uliwaomba wagonjwa wa asma na wa poliatriti waandike kwa siku tatu, dakika 20 kila siku, juu ya jambo lililowaumiza zaidi maishani. Miezi minne baadaye, karibu 47 kwa mia walikuwa wamepata nafuu ya kuonekana, wakati kwa walioandika mambo ya kawaida walikuwa 24 kwa mia. Miaka miwili kabla, kundi la Lumley lilikuwa limewaomba wagonjwa wa poliatriti waseme peke yao mbele ya kinasa sauti. Mwanzoni moyo wao ulizidi kuwa mzito. Baada ya miezi mitatu walikuwa na huzuni kidogo na waliweza kazi za kila siku kuliko wenzao, lakini maumivu ya viungo hayakupungua.

Somo ni wazi: mtu kutoa ya moyoni mara tatu au nne, akiwa peke yake, kunaweza kusaidia, lakini hakutoshi. Kinachohitajika ni mtu aliyefundishwa, vikao kadhaa, na kurudi tena. Anayefungua kidonda anapaswa kujua namna ya kukifunga.

Wengine watasema: hayo ni mambo ya wazungu wenye feza, mtu aliyekimbia vita na kulala kwenye hema ana shida ya chakula, si ya hisia. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau yaliyokwisha kufanyika Kivu yenyewe. Mwaka 2013, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanywa katika vijiji vya Kivu Kaskazini na Kivu Kusini, kwa wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Waliowahudumia walikuwa wasaidizi wa kisaikolojia wa palepale, watu waliofika shule ya sekondari, wakiongoza vikundi vya wanawake, tena vita vikiwa havijaisha. Miezi sita baada ya tiba, 9 kwa mia ya waliokaa katika vikundi walikuwa bado na dalili za huzuni kali au wasiwasi. Kwa waliopata msaada wa kawaida wa mtu mmoja mmoja, walikuwa 42 kwa mia. Utafiti huo haukuwa wa maumivu ya viungo, lakini unaonyesha kwamba watu wa kuifanya kazi hii wanapatikana, na kwamba inawezekana kufanyika kwa lugha za inchi.

Nyumba za kusikilizia ziko. Hospitali ya Panzi, Bukavu, inajulikana duniani kwa kutibu mwili na roho pamoja. Kuna SOSAME mjini Bukavu, na Tulizo Letu mjini Goma. Shida ni kwamba milango hii imeandikwa jina kichwani mwa watu: huu ni wa waliobakwa, ule ni wa wenye wazimu. Mama mwenye vidole vilivyopinda hajioni katika jina lolote kati ya hayo, na muganga wake hafikirii kumtuma kule.

Hapo ndipo viongozi wa maeneo ya afya wanaweza kubadili jambo bila kungoja mradi mkubwa. Kila mgonjwa ambaye maumivu yake yamepita miezi mitatu aulizwe, mahali pa faragha, maumivu yalianza lini na maisha yake yalikuwaje wakati ule. Wasaidizi wa kisaikolojia waliopo waongezewe mafunzo juu ya maumivu. Mgonjwa atumwe kwao huku akiendelea na dawa zake, na muganga amwambie waziwazi kwamba hatumwi kwa sababu amedhaniwa mwongo.

Familia nazo zina kazi. Mashariki mwa Congo mwanamke anasifiwa kwa kuvumilia, na mwanamume kwa kutolia. Mjane ambaye shemeji amemnyang'anya shamba anaambiwa anyamaze ili ukoo usivunjike. Baba aliyemzika mtoto njiani wakati wa kukimbia anaambiwa awe mwanamume. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, na kuna uchungu wa moyo unaofichwa kwa namna hiyo hiyo. Kumwachia mtu nafasi ya kusema, bila kumkatiza kwa “Mungu atafanya”, hakuhitaji diploma.

Poliatriti na lupusi bado hazina dawa ya kuziponya kabisa. Anayeugua ataishi nazo miaka mingi, na miaka hiyo inaweza kuwa ya kubebeka au ya mateso. Vidonge vya kutuliza kinga vina bei ambayo wakaaji wengi hawaiwezi, na hilo ni deni la serikali. Lakini kumuuliza mgonjwa mambo mawili na kungoja ajibu hakugharimu hata franga moja. Kituo cha afya kisichofanya hata hilo hakiwezi kujitetea kwamba hakina feza.