Staa Anapiga Picha, Giaboksi Unalipia Wewe

Haya wadau, leo ndoa na talaka za mastaa tuziweke pembeni. Kuna jambo limenikaa kooni wiki ya pili sasa na nisipolitoa nitapasuka.

Ile picha mmeiona. Jina silitaji, utaratibu wetu mnaujua, ila mnamfahamu vizuri tu. Kakaa kwenye mlango wa kuteleza wa gari la familia, miguu nje, miwani usoni, wigi la bei ya kiwanja Chanika, na chini kaandika kwamba mama wa kisasa anastahili usafiri wa watu wanane. Gari si lake jamani. Ni la yadi. Kapigwa picha, kalipwa chake, kaondoka na gari lake lililokuwa limepaki nyuma ya ukuta. Na lile la nyuma ya ukuta halina mlango wa kuteleza, mtoa habari wangu kaliona kwa macho yake.

Sina wivu na hela ya tangazo. Kila mtu ale kwa urefu wa kamba yake. Ninachouliza ni hiki: huyo anayesukumwa na picha kwenda kukopa, likimfia njiani, nani anapokea simu yake?

Maana nina mfano mkononi. Dada mmoja wa Tabata, jina kapuni, anabeba watoto wa shule asubuhi na jioni. Alikuwa na kigari kidogo, akaona wazazi wanaongezeka, akaingia VICOBA, akachukua mkopo, akauza na kiwanja, akanunua gari la familia kutoka yadi moja ambayo nayo siitaji. CVT. Siti saba safi, kiyoyozi kinapuliza mpaka nyuma, watoto wakawa wanaliita ndege. Mwezi wa nne likaanza kutetemeka kwenye foleni kama mtu mwenye homa. Ukiweka D linafikiria kwanza, ndo liondoke. Kampigia wa yadi, kaambiwa "ongeza haidroliki tu dada". Fundi wa mtaani kaongeza haidroliki. Desemba, kama ilivyo desturi ya wenye kwao Kilimanjaro, akapakia familia nzima na mama yake mzazi kwenda kula sikukuu. Kutoka Himo kupanda Marangu, injini ikawa inalia, mshale wa mizunguko unapanda, gari halisogei. Mama wa miaka sabini na kitu akashushwa pembeni ya barabara, akakalia ndoo.

Giaboksi ya mtumba kutoka Gerezani ikamla milioni mbili na ushee pamoja na ufundi. Garantii wiki moja, ya mdomo. Hiyo nayo haikumaliza muhula wa kwanza. Wazazi wakahamishia watoto kwenye gari la mtu mwingine, na unadhani watakusubiri? Mtoto anatakiwa shuleni saa moja. Sasa hivi jioni anakaa taa imezimwa sebuleni kwa sababu akina mama wa kikundi wanapita kuulizia rejesho. Alipokwenda yadi kulalamika, jibu alilopewa naliandika kama alivyonisimulia: "Sisi tulikuuzia gari linatembea. Kwani wewe unaendeshaje?"

Unaendeshaje! Hapo ndo damu yangu ilipochemka.

Ngoja niwaeleze kitu, na wanaojua magari mtanivumilia, naandikia wale wanaojua kupaka rangi ya mdomo kwenye kioo cha gari tu kama mimi zamani. CVT haina gia moja, mbili, tatu kama tulivyozoea. Ndani kuna puli mbili zinazopanuka na kubana, katikati yake mkanda wa chuma. Gari linabadilisha mwendo kwa puli hizo kubadilika ukubwa. Ndo maana linateleza laini bila kushtuka, na mafuta linakula kidogo. Wajapani hawakuwa wajinga kulitengeneza. Lakini mkanda ule unashikwa kwa msukumo wa oili, na oili yenyewe ina aina yake maalumu. Ukiweka haidroliki ya kawaida ya magari ya otomatiki, mkanda unaweza kuanza kuteleza kwenye puli, chuma kinasaga chuma, vumbi la chuma linaingia kwenye oili, na oili hiyo hiyo ndo inayotakiwa kulinda kilichobaki. Ongeza joto la Dar, foleni ya saa mbili, watu wanane na magunia ya ndizi kwenye mlima. Umemaliza.

Kwa hiyo wa yadi anaposema "ongeza haidroliki tu", anakuuzia kifo cha giaboksi kwa simu. Na kitabu cha gari kilichopo kwenye droo ya mbele kimeandikwa Kijapani kuanzia jalada. Kibandiko cha tahadhari, Kijapani. Redio yenyewe inakusalimia Kijapani. Halafu likifa, kosa ni la mwanamke hajui kuendesha.

Na msidhani hili la kumgeuzia kibao mwenye gari limeanza Tabata. Marekani, mwaka 1989, Chrysler walianza kuweka giaboksi mpya iliyoitwa Ultradrive kwenye magari yao ya familia. Ilikuwa ya gia nne, inaongozwa na kompyuta, maendeleo makubwa kwa wakati ule. Zikaanza kufa. Moja ya sababu ilikuwa oili: giaboksi ile ilitaka oili ya Chrysler yenyewe, ila maelezo waliyopewa wenye magari yalikuwa yanaruhusu ile ya kawaida ya Dexron. Yaani mtu kafuata maelekezo ya kampuni neno kwa neno, na giaboksi imekufa. Huyo naye aliendeshaje?

Nenda kwa Honda. Odyssey, gari la familia ambalo ndugu zetu wengi wa kule Marekani wenye watoto wanne watano wanalijua. Za 1999 hadi 2001 giaboksi zilisumbua mpaka kampuni ikaongeza garantii ya kipande hicho kufika miaka 7 au maili 100,000. Kisha Aprili 2004 wakatangaza kuita magari yarudi, kama milioni 1.1 hivi, zikiwemo Odyssey za 2002 hadi 2004. Sababu: gia ya pili ilikuwa inapata joto kupita kiasi, meno yanaweza kuvunjika, na giaboksi inaweza kukamata gari likiwa kwenye mwendo. Hebu fikiria uko barabara kuu, watoto nyuma, na gari linajifunga lenyewe.

Dawa waliyotoa ilikuwa hivi. Gari ambalo halijafika maili 15,000, yaani kama kilomita 24,000, linawekewa kifaa cha kurushia oili kwenye ile gia. Lililopita hapo linakaguliwa; kama gia imebadilika rangi kwa joto, giaboksi inabadilishwa, kama haijabadilika linawekewa kifaa kile kile na kwaheri. Bila malipo. Wenye magari walinung'unika hata hivyo, na mimi nawaelewa. Mtu aliyeshaona ya kwanza ikifa, unampa ya pili ya muundo ule ule, atalalaje? Mwaka wa saba ukipita, au maili zikizidi kidogo tu, unaambiwa pole sana, muda umekwisha. Kampuni ndo iliyokosea, lakini saa inamhesabia mteja.

Ila angalia tofauti yetu na wao. Yule wa Ohio au Texas anayenung'unika, barua ilimfikia mlangoni. Kuna chombo cha serikali, NHTSA, anaingiza namba ya gari lake anaona kama limeitwa. Ananung'unika akiwa ndani ya foleni. Dada yetu wa Tabata hajui hata kama foleni ipo.

Japani nao wana utaratibu wao, tena mkali. Kampuni ikigundua kasoro ya usalama inatoa taarifa wizara inayosimamia usafirishaji, kisha barua inatumwa kwa mwenye gari aliyesajiliwa. Kwa matatizo madogo kuna ngazi nyingine za chini, kampuni inatengeneza bure bila kuita ni kasoro ya hatari. Tatizo liko kwenye hayo maneno "mwenye gari aliyesajiliwa". Gari likifutwa usajili ili lisafirishwe nje, mwenye gari ni nani? Ni mzee fulani wa Osaka ambaye alishaliuza mnadani, labda kwa kukwepa gharama za ukaguzi wao wa kila miaka miwili, na ameshasahau hata rangi yake. Barua, kama ikitoka, haina anwani ya Tabata. Haina anwani ya Buza wala Sakina. Gari linavuka bahari, haki zake zinabaki Yokohama.

Tukienda kwa wakala wa kampuni hapa mjini, wale wenye vioo na sofa, ukiwaambia gari ulinunua mtumba kutoka Japani, uso unabadilika. "Hilo hatukuliingiza sisi." Kampuni ni hiyo hiyo, nembo ni hiyo hiyo kwenye usukani. Tukinunua spea orijino kwao hela yetu haiulizwi iliingia nchini kwa njia gani.

Najua mtaniambia gari lenyewe lina miaka kumi na mbili, ulitaka kampuni ikubebe mpaka lini? Hoja hiyo naipokea nusu. Giaboksi iliyochoka kwa uzee, hiyo ni yako. Kenya wenzetu wameweka ukomo, gari likizidi miaka 8 haliingii. Sisi yanaingia, tunalipishwa tu kodi ya uchakavu. Sawa. Ila kasoro ya kiwandani haizeeki. Kama kipande kilitengenezwa vibaya siku ya kwanza na kampuni ikakiri kwa wateja wake wa nyumbani, kwa nini kukiri huko kusivuke maji? Na huyo muuzaji, ambaye ndiye pekee kati yetu mwenye namba ya chesisi ya gari kabla halijapanda meli, kwa nini asiangalie? Tovuti za Toyota, Nissan na Honda za Japani zina sehemu ya kuingiza namba ya chesisi na kuona kama gari limeitwa na kama limeshatengenezwa. Ni Kijapani, ndiyo, lakini hao watu wanaofanya biashara na Japani kila wiki leo ndo lugha imewashinda? Bei walizisoma vizuri.

Badala yake tunaoneshwa karatasi ya mnada. "Dada, grade nne na nusu hii!" Karatasi inasema bodi haijakwaruzwa na siti hazijachanika. Hakuna aliyefungua giaboksi mnadani. TBS nao wakikagua wanaangalia kama gari linafaa kuingia barabarani, si kazi yao kukwambia mkanda wa CVT umebakiza safari ngapi za Marangu.

Sasa mnataka tufanyeje? Mimi nataka vitu viwili tu na vyote vinawezekana kesho asubuhi. Yadi iandike kwenye risiti namba ya chesisi, imeangaliwa lini kwenye orodha ya magari yaliyoitwa, na giaboksi inatumia oili gani, kwa Kiswahili. Akikataa kuandika, hela irudi kwenye pochi, hata kama gari linanukia upya. Pili, Tume ya Ushindani, ile FCC, sheria yake ya 2003 inawapa kazi ya kumlinda mlaji. Tunawaona kwenye vita ya bidhaa bandia, hongera. Waje na huku kwenye yadi, wadai hiyo orodha iwe inabandikwa. Dada wa Tabata peke yake akienda kulalamika ni mwanamke asiyejua kuendesha. Wakienda mia moja wenye aina moja ya gari na ugonjwa mmoja, hapo atatafutwa mwenye kosa. Odyssey za wenzetu hazikuitwa kwa huruma, ziliitwa kwa sababu gia ilikuwa na kasoro inayohatarisha usalama.

Na wewe staa wetu mwenye miguu mizuri, mimi siombi ufute picha. Iache. Rudi tu kwa waliokulipa, waombe namba za chesisi za magari yote yaliyopaki nyuma yako siku ile, nimehesabu ni kumi na moja, uzibandike chini ya yale maneno yako ya mama anastahili. Kuziangalia tutaziangalia wenyewe.