Kikasha Kinachojipanga Chenyewe Kinamfaa Nani?

Ukifungua barua pepe siku hizi, kabla hujasoma hata neno moja, kuna aliyekutangulia kuzipitia na kukupangia. Hii ya msingi, hii ya mitandao ya kijamii, hii tangazo la biashara, hii taka. Kazi hiyo imefanywa na programu, na wengi wetu hatukuiomba. Tulinunua simu, tukafungua akaunti ili tuweze kupakua vitu vingine, tukakuta mpangilio umeshawekwa.

Wanachuo wenzangu, naomba tujiulize: huu mpangilio unatusaidia kweli? Jibu langu ni kwamba unasaidia sana kuondoa uchafu, ila haufai kuachiwa kazi ya kuamua jambo lipi ni la maana kwetu. Hizo ni kazi mbili tofauti, na sisi tumezichanganya.

Tuipe kwanza haki yake. Mwaka 2002 mtaalamu wa programu wa Marekani, Paul Graham, aliandika makala iliyoeleza jinsi hesabu za uwezekano zinavyoweza kukamata barua taka. Wazo lenyewe ni rahisi. Programu inahesabu maneno yanayojitokeza mara nyingi kwenye barua taka na yale yanayojitokeza kwenye barua halali, halafu ikija barua mpya inakadiria iko upande gani. Kila ukibonyeza kwamba hii ni taka, unaifundisha. Leo vichujio vinaangalia mambo mengi zaidi ya maneno, na matokeo yake tunayaona: zile barua za "umeshinda mamilioni" na "thibitisha nywila yako sasa hivi" hazitufikii kwa wingi wake wote. Asiyeamini afungue fungu lake la taka aone kilichozuiwa. Hapo sina ugomvi kabisa.

Ugomvi unaanza pale fagio linapofanywa hakimu. Mwaka 2010 Google walileta kwenye Gmail kikasha cha kipaumbele, kinachokisia barua zipi ni muhimu kwako. Mwaka 2013 wakaleta yale mafungu tunayoyajua: msingi, mitandao ya kijamii, matangazo ya biashara, taarifa na mabaraza. Outlook ya Microsoft nayo ina pande mbili, za kuzingatia na nyinginezo. Apple wakaweka mafungu kwenye iPhone mwishoni mwa 2024. Zote zinategemea dalili. Nani ametuma? Umewahi kumjibu? Huwa unafungua barua zake? Imetumwa kwako peke yako au kwa watu elfu? Imeandikwa na mtu au imetoka kwenye mfumo?

Sasa fikiria mtu ambaye dalili hizo zinamfaa. Ni mfanyakazi wa ofisini. Bosi wake anamwandikia kwa barua pepe, anajibu, bosi anarudisha, wateja nao vilevile. Kwa mtu huyo barua yenye uzito hutoka kwa mtu anayemjua, na barua ya mfumo mara nyingi ni kelele tu.

Sisi je? Mama akinihitaji anapiga simu. Rafiki yangu yuko WhatsApp. CR akiwa na tangazo analitupa kwenye kundi la kozi. Kiukweli sijui ni lini mara ya mwisho mtu aliniandikia barua pepe ya salamu. Kinachobaki kwenye barua pepe ya mwanachuo ni uthibitisho wa usajili, namba ya malipo ya ada, taarifa za mkopo, upangaji wa shule za mazoezi ya kufundisha, yaani TP, nafasi za ufadhili na mwaliko wa usaili. Na vyote hivi vina sura moja: vimetoka kwenye mfumo, vimetumwa kwa mamia kwa wakati mmoja, hatujawahi kuvijibu, na anwani yenyewe inasema usijibu. Kwa dalili zote, barua ya bumu na tangazo la punguzo la viatu ni ndugu wa tumbo moja. Barua zetu za maana zimevaa nguo za matangazo.

Mwenzangu mmoja alibadilishiwa shule ya TP siku chache kabla ya kuanza. Taarifa ilitumwa kwa barua pepe, na programu iliyokuja na simu yake ikaiweka kwenye fungu la matangazo, katikati ya ofa za viatu na michezo ya kubahatisha. Akapanda basi hadi kule alikopangiwa mwanzo. Mwalimu mkuu akamkaribisha vizuri, akampa maji ya kunywa, kisha akamwambia, "Mwanangu, jina lako halipo kwenye orodha yangu." Nauli ya kwenda, nauli ya kugeuza, siku tatu za mazoezi zimekwenda, na hela ya kujikimu imeanza kukatika kabla hajashika chaki. Ofisi ilituma, programu ilipanga, naye alikuwa anasubiri simu ilie.

Haikulia. Hilo ndilo wengi hatulijui. Kwenye Gmail, kwa mfano, ukiwa unatumia mafungu, arifa huja kwa barua za fungu la msingi tu, mpaka uingie mwenyewe kwenye mipangilio ubadilishe. Barua ikishapelekwa fungu jingine imenyamazishwa. Na ikiangukia kwenye barua taka, baada ya siku 30 inafutwa yenyewe. Kwa hiyo kupanga huku kunaamua utakachokisikia na kitakachopita kimya.

Kuna watakaoniambia, si ufungue mafungu yote kila siku? Sawa, lakini nikifanya hivyo nimepunguziwa kazi gani? Nilikuwa na kikasha kimoja, sasa ninavyo vitano.

Wengine watasema programu inajifunza, ukiihamisha barua mara kadhaa itaelewa. Ni kweli, inajifunza kwa marudio. Ila mambo yetu makubwa hayana marudio. Mwaliko wa usaili hauji kila Jumatatu. Shule ya TP unapangiwa mara chache sana mpaka unamaliza digrii. Programu ikija kuelewa, wewe umeshavaa joho.

Hoja nzito zaidi ni ya wale wenye barua elfu nne ambazo hazijafunguliwa. Wanauliza, bila mafungu watapata wapi kitu? Jibu ni kutafuta. Mwaka 2011 watafiti waliokuwa na Steve Whittaker, kwenye utafiti wa IBM, waliwafuatilia watumiaji 345 wa barua pepe waone jinsi wanavyozipata tena barua za zamani. Waliokuwa wakijisumbua kuzipanga kwenye mafaili hawakufanikiwa zaidi ya wale waliokuwa wakiandika neno na kutafuta, na kutafuta kulikuwa kwa haraka zaidi. Utafiti ule ulihusu kupanga kwa mkono, lakini somo linatufaa. Ukijua unachokitaka, huhitaji mafungu. Hatari iko kwenye barua ambayo hujui kama imekuja, na hiyo ndiyo mafungu yanaificha.

Sisi wa elimu tunafundishwa kwamba kila kipimo kina makosa ya aina mbili: kumfelisha anayejua na kumfaulisha asiyejua. Makosa hayo hayana bei moja. Tangazo la viatu likiingia kwenye kikasha kikuu linanila sekunde moja, nafuta, maisha yanaendelea. Barua ya TP ikiingia kwenye matangazo inakula nauli, siku na pengine alama. Programu ikipanga sawasawa barua 99 kati ya 100, aliyeitengeneza atajipongeza. Lakini ile moja iliyobaki inaweza kuwa ndiyo uliyokuwa unaisubiri muhula mzima.

Kwa hiyo ninapendekeza nini? Kichujio cha barua taka kibaki, ila kipitie mara moja kwa wiki, usingoje zile siku 30. Mafungu yazime. Ingia kwenye mipangilio, chagua akaunti yako, ondoa makundi, kila kitu kirudi kwenye kikasha kimoja kwa mpangilio wa tarehe. Kwenye Gmail, ukipata kompyuta, tengeneza kanuni kwamba barua zote kutoka anwani ya chuo zisipelekwe kamwe kwenye taka. Kazi ya dakika tano hiyo. Kisha jiondoe kwenye orodha za wauzaji badala ya kuwafuta kila siku. Tangu 2024 Google na Yahoo wanawataka wanaotuma barua kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa kubonyeza mara moja kwenye barua zao za matangazo. Itumie. Ukipunguza kelele mlangoni, huhitaji mpangaji ndani.

Ila mzigo wote usibebwe na mwanafunzi. Ofisi zinazotuandikia nazo zina sehemu yao. Barua yenye kichwa "TANGAZO KWA WANAFUNZI WOTE" haiambii programu kitu, na wala haimwambii mwanafunzi kitu. Andikeni "Shule yako ya TP imebadilika, ripoti tarehe fulani". Tumieni anwani moja isiyobadilika kila muhula, tena iliyosajiliwa ipasavyo ili ithibitike kwamba barua imetoka kweli chuoni. Na jambo linalohusu nauli, ada au mtihani lisiishie kwenye barua pepe. Libandikwe ubaoni, lipitie kwa CR, na linapomhusu mtu mmoja atumiwe ujumbe mfupi wa simu, maana wapo wenzetu ambao bando likiisha barua pepe haipo kabisa.

Serikali yetu ya wanafunzi ina nafasi ya kulibeba hili kabla orodha za TP za msimu ujao hazijatoka. Ombi lenyewe halihitaji bajeti: kichwa cha barua kinachoeleweka, anwani moja, na tangazo kwa njia zaidi ya moja. Wakati tunasubiri majibu, chukua simu yako sasa hivi, fungua fungu la matangazo na la taka, shuka taratibu mpaka chini. Unaweza usikute kitu. Lakini ukikuta, bora ukute leo.